Mama alikuwa anapumzika, gazeti likasema analia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi huku Rungwe, si mbali na Tukuyu. Wakati wa mavuno alikuja mwandishi wa habari, akatembea nasi shambani nusu siku, akapiga picha nyingi na kuuliza bei. Tulimwambia ukweli: msimu huu wanunuzi wamechelewa na bei imeshuka. Siku chache baadaye habari ikatoka, kichwa chake “Wakulima wa parachichi Rungwe walia”. Chini yake kuna picha ya mama mmoja wa kikundi chetu amekaa chini, ameshika tama, mbele yake kreti la parachichi nyeusi. Maelezo ya picha: “Mkulima wa parachichi akiwa na matunda yake baada ya kukosa soko.” Mama yule alikuwa amekaa tu akisubiri gari la mzigo, na lile kreti ni matunda yaliyoiva tuliyotenga ya kula wenyewe. Watoto wake walioko Dar es Salaam wamepiga simu wakilia. Mnunuzi mmoja ameuliza kama mzigo wetu umeoza. Kwenye kikundi wengine wanasema mwandishi katunga, wengine wanasema picha haiwezi kudanganya. Sasa kijana wetu mmoja anatutengenezea bango na ukurasa wa mtandaoni, anataka aweke picha nzuri alizozipata kwenye intaneti ili kufuta ile aibu. Nani yuko sahihi, na tufanye nini?

JIBU: Marahaba, katibu, na ndaga, yaani asante, kwa swali lililonyooka. Umeniambatanishia na ukurasa wenyewe, kwa hiyo naandika huku naiangalia picha.

Nianze na ubishi wa kikundi. Pande zote mbili zimepiga pembeni. Mwandishi hakutunga: alikuja, aliuliza, bei aliyoiandika ni ile mliyomtajia. Picha nayo haikuonyesha kitu ambacho hakikuwepo: mama alikaa pale, kreti lilikuwa pale, mkono ulikuwa shavuni. Kinachowauma ni maana, na maana hiyo huwezi kuikuta kwenye picha peke yake hata uikodolee macho mpaka jioni. Ilitengenezwa pale picha, maneno na mambo ambayo msomaji alikuja nayo kichwani vilipokutana kwenye ukurasa mmoja. Nalisisitiza hili kwa sababu mkimwandikia mhariri kwamba “picha ile ni ya uongo”, atawajibu kwa mistari miwili, na atakuwa na haki. Mnatakiwa mjue hasa kosa limekaa wapi. Lipo, na ni dogo kuliko mnavyodhani.

Tuanze na ule mkono. Ni nani kati yetu hajawahi kukemewa utotoni kwa kushika tama? Unakaa zako kibarazani, mkono shavuni, bibi anapita: “Toa mkono huo, unaita nini?” Kwetu mkono shavuni ni huzuni, na kwa wazee wengi ni kuita msiba kabisa. Lakini mkono wenyewe hauna huzuni yoyote ndani yake. Mtu huweka mkono shavuni akichoka, akisubiri, akiumwa jino, akisikiliza hadithi ndefu ya jirani. Angalia picha za maprofesa na waandishi kwenye majalada ya nyuma ya vitabu vyao: mkono kidevuni, uso umeinama kidogo, na hakuna anayewapa pole. Pale mkono uleule unasomeka kuwa ni fikra nzito. Sisi tulioikulia ile kanuni ya tama tunaisoma haraka mno, hata hatujui kwamba tumesoma.

Mwanafalsafa Mmarekani Charles Sanders Peirce (1839–1914) alitenganisha aina za alama kwa namna inayotufaa hapa. Kuna alama inayotokana na kitu chenyewe, kama moshi unavyotokana na moto. Na kuna alama ambayo watu wameikubali tu kwa mazoea, kama neno au bendera. Picha ya kamera ni ya aina ya kwanza: mwanga ulimgonga mama yule, ukaingia kwenye kamera, ukaacha alama. Ndiyo maana tunaiamini. Tama ni ya aina ya pili, ni mazoea yetu. Vyote viwili vimo kwenye fremu moja, na macho hayavitenganishi. Ile imani tunayoipa kamera, kwamba “alikuwepo kweli”, inahamia kimyakimya kwenye mazoea, tunajikuta tunasema “alihuzunika kweli”. Wenzako wanaosema picha haidanganyi wamenaswa hapo.

Sasa angalia mwandishi alikuwa wapi. Mama amekaa chini, naye amesimama wima, kamera inamtazama kutoka juu. Mtu anayetazamwa kutoka juu huonekana mdogo, ameelemewa, hana pa kukimbilia. Angeinama akampiga kutoka chini, mama huyohuyo angeonekana mbele ya anga la Rungwe kama mtu mwenye shamba lake. Wapiga picha wa mabango ya kampeni wanalijua hili vizuri: hakuna mgombea anayepigwa kutoka juu. Sidhani mwandishi wenu alikusudia ubaya. Inawezekana magoti yalikuwa yanamuuma au matope yalikuwa mengi, nanyi mnajua udongo wa huko mvua ikinyesha. Msomaji hajui habari ya matope. Anachokiona ni mama aliye chini.

Halafu tazama pembe ya kushoto, chini kabisa. Kuna ncha ya kiatu na upindo wa kitenge cha rangi nyingine. Kuna mtu mwingine alikuwa amekaa hapo. Pengine walikuwa watatu au wanne wakisubiri gari na kupiga soga. Picha ilipokatwa ili itoshe kwenye safu ya ukurasa, wale wengine waliachwa nje, akabaki mama peke yake na kreti lake. Upweke wake umetengenezwa na ukingo wa picha. Kukata picha ni kazi ya kila siku kwenye chumba cha habari, mara nyingi kwa sababu za nafasi tu, ila kila ukingo unapokata unasema pia kitu kuhusu kile kilichobaki.

Kuhusu zile parachichi nyeusi, hapa ndipo picha yenu inapovutia kweli, maana watu wawili wanaweza kuiangalia na kuona vitu vinavyopingana. Ninyi mnalima parachichi aina ya Hass. Mnajua tunda hilo huchumwa likiwa gumu na kijani, halilainiki likiwa bado mtini, na likiiva ngozi yake hugeuka zambarau iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Kwenu weusi ule ni chakula cha jioni. Lakini mtu aliyezoea aina ya Fuerte, ambayo hubaki kijani hata ikiiva, au zile za kienyeji zinazomwagwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, akiona tunda jeusi anaona limeoza. Na mnunuzi wa kusafirisha nje, ambaye anaijua Hass kuliko sisi, haoni kuoza wala chakula cha jioni. Anaona mzigo ulioiva kabla ya kufika kwenye chumba baridi, yaani hasara. Rangi ni moja, wasomaji watatu, maana tatu.

Mwaka 1973 Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Birmingham huko Uingereza, aliandika kwamba anayetengeneza ujumbe anauweka kwa kanuni zake na anayeupokea anaufungua kwa kanuni zake, na kanuni hizo si lazima zilingane. Kuna atakayepokea maana kama ilivyotumwa, kuna atakayekubali nusu na kubisha nusu, kuna atakayeikataa yote. Watoto wa mama walio Dar wamepokea yote. Mnunuzi amekubali nusu, ndiyo maana ameuliza. Ninyi mlioko shambani mmekataa yote. Hakuna kati yenu aliyekosa akili. Kila mmoja amesoma kutokea alipokaa.

Nije kwenye maneno, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko kuna kosa lenyewe.

Kichwa kinasema wakulima “walia”. Lugha ya vichwa vya habari vya Kiswahili ina kanuni zake, nasi tumezizoea: waziri “aonya”, wananchi “wacharuka”, mbunge “afunguka”, bei “yapaa”. Jambo la jana linasemwa kana kwamba linatokea sasa hivi, na kila hisia inapandishwa daraja moja au mawili. Kwenye lugha hiyo “kulia na bei” ni kulalamika tu. Wasafirishaji hulia na mafuta, wapangaji hulia na kodi, na hakuna msomaji anayedhani kuna machozi. Kitenzi kimetumika hadi kimechakaa. Kwa hiyo kichwa kile, kikisimama peke yake, si cha uongo: mlilalamika, kikasema mmelalamika.

Ila hakikusimama peke yake. Kimewekwa juu ya mama aliyeshika tama, na neno lililochakaa likarudishiwa uhai wake. Macho yanasoma “walia”, yanashuka, yanakutana na mkono shavuni, na kulia kunakuwa kulia kweli. Tena njia ni ya kwenda na kurudi: neno linaufanya mkono uwe wa huzuni, na mkono unalifanya neno liwe la machozi. Kila kimoja kingeweza kupita salama bila mwenzake. Weka kichwa kilekile juu ya picha ya kundi la akina mama wamesimama kando ya makreti, utapata habari ya bei. Weka picha ileile chini ya kichwa “Gari la mzigo lachelewa”, utapata mama aliyechoka kusubiri.

Jambo hili lina historia. Katika miaka ya mwanzo ya sinema ya Kisovieti, Lev Kuleshov alichukua sura moja ya mwigizaji Ivan Mozzhukhin, isiyo na hisia yoyote ya wazi, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Filamu yenyewe haikubaki, tunachojua kimetoka kwa masimulizi ya waliokuwepo, nao wanatofautiana kidogo. Lakini kiini ni kwamba watazamaji waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona tamaa, na wakamsifu mwigizaji kwa ufundi, wakati uso ulikuwa uleule. Walichokiona kilitoka kwenye maungio. Ukurasa wa gazeti nao umejaa maungio: picha na kichwa, picha na maelezo yake, hata picha na tangazo lililo jirani.

Isitoshe sisi wenyewe si wageni wa mambo haya. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kila mwanamke anayenunua anajua kwamba jina linaweza kuigeuza kanga nzima. Maua yaleyale yakiandikwa shukrani ni zawadi ya mama mkwe, yakiandikwa kijembe ni ugomvi na jirani, na hata hapo inategemea nani kaivaa na kapita kwa nani. Tunaisoma kanga kwa ujanja mkubwa kisha tunaufungua ukurasa wa gazeti kama watoto.

Sasa maelezo ya picha. Mwaka 1964 Mfaransa Roland Barthes alieleza kwamba picha ikiachwa peke yake ina maana nyingi zinazoelea, na maneno yanayoandikwa kando yake hufanya kazi ya nanga: yanaifunga kwenye maana moja na kuzizuia nyingine. Soma tena nanga yenu: “Mkulima wa parachichi akiwa na matunda yake baada ya kukosa soko.” Nusu ya kwanza haina shida. Ni mkulima, ana matunda. Kosa ni maneno manne ya mwisho. Mlisema wanunuzi wamechelewa na bei imeshuka. Hamkusema mmekosa soko. Matunda yale hayakukosa soko, hayakuwa ya kupelekwa sokoni kabisa. Na yale maneno “baada ya” yameleta sababu: amekaa hivyo kwa kuwa amekosa. Hiyo ni taarifa, inaweza kuwa kweli au si kweli, na hapa si kweli. Pembe ya kamera huwezi kuishtaki, tama huwezi kuishtaki, “walia” mhariri ataitetea vizuri tu. Maneno manne haya hawezi kuyatetea.

Kuna jambo jingine kwenye habari yenyewe, si kosa lakini limewaponza. Aya ya pili inasema “bei imeporomoka”. Imeporomoka yenyewe, kama mvua ya Tukuyu inavyoshuka, bila mtu. Kiswahili kinatupa njia nyingi za kusema jambo, na kila njia inamtaja au kumficha mtendaji: bei imeshuka, bei imeshushwa, wanunuzi wameshusha bei. Fedha zimepotea, fedha zimeibwa. Watu wameondoka, watu wameondolewa. Majina nayo ni hivyohivyo. Tangu eneo la Usangu liingizwe ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, mtu mmoja na ng’ombe zake anaweza kuitwa mkazi, mfugaji au mvamizi kulingana na nani anaandika, na jina likishachaguliwa nusu ya hukumu imeshatolewa. Katika habari yenu sentensi iliacha nafasi ya mtendaji wazi. Msomaji akajiuliza bei imeporomoka kwa nini, macho yakaenda kwenye picha kutafuta jibu, yakakuta kreti jeusi. Kwa hiyo swali la mnunuzi, kwamba mzigo umeoza, halikuandikwa popote na mwandishi. Picha ndiyo iliyoziba pengo la sentensi.

Usidhani kuna mtu mmoja aliyekaa akayapanga yote haya. Mwandishi wa mkoani hutuma habari na picha kadhaa, na wengi wao hulipwa kwa habari iliyotoka, kwa hiyo wanajua dawati linapenda nini. Picha huchaguliwa na mtu mwingine. Kichwa mara nyingi huandikwa na mhariri ambaye hajawahi kukanyaga shamba lenu, akitazama nafasi ya herufi alizobakiza. Maelezo ya picha yanaweza kuandikwa na mtu wa tatu, saa ya mwisho, kwa kuitazama picha yenyewe. Naye ni Mswahili kama sisi, ameona tama, akaona matunda meusi, akaandika alichokisoma. Hilo halimwondolei wajibu, kwani alipaswa kupiga simu moja. Ila litawasaidia kuandika barua isiyomtukana mtu ambaye huenda hakulifanya.

Basi mfanye nini? Kwanza, kabla ya barua yoyote, nenda kwa mama. Katika maelezo yako yote sikuona yeye anasemaje. Umeniambia wanavyosema watoto, mnunuzi, kikundi na kijana wa bango. Maelezo ya picha nayo hayakumtaja jina, yalisema “mkulima wa parachichi” tu, na mtu asiye na jina hugeuka kuwa mfano wa wote. Ndivyo alivyobebeshwa shida ya wilaya nzima. Keti naye, umuulize kama alijua anapigwa picha, kama alikubali, kama inamuumiza, na kama anataka jina lake liingie kwenye jambo hili au liachwe. Huenda akacheka. Huenda ameumia kuliko mnavyojua. Kama anakosa usingizi au ameanza kukwepa watu, hilo linatangulia gazeti: awepo mtu wa kukaa naye, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kituo cha afya wajulishwe.

Baada ya hapo, chaguo la kunyamaza lipo, na si la kijinga. Habari za magazeti hupita, na kelele nyingi huzirudisha. Kama mama hajali na mnunuzi ameridhika, mngeweza kuishia hapo. Lakini kwa kuwa swali la mzigo kuoza linagusa mauzo yenu, mimi ningeandika. Barua kwa mhariri, ukurasa mmoja, upole na ushahidi: tarehe ya toleo, ukurasa, maneno manne yenye kosa, ukweli ulivyo, na ombi lenu. Msiombe habari yote ifutwe. Bei kweli imeshuka, na mkitaka kuficha hilo mtapoteza haki ya lile lingine. Ombeni marekebisho ya maelezo ya picha kwenye toleo lijalo, na kama habari iko mtandaoni maelezo yabadilishwe huko, jambo ambalo ni la dakika chache. Mnaweza kuongeza sentensi moja inayoeleza kwamba Hass ikiiva huwa nyeusi, msomaji wa Dar apate faida.

Mhariri akikaa kimya au akikataa, lipo Baraza la Habari Tanzania, chombo huru cha wanahabari wenyewe kilichoanzishwa mwaka 1995, ambacho hupokea malalamiko ya ukiukwaji wa maadili na kusuluhisha. Si mahakama, hakifungi mtu. Kama ingekuwa redio, televisheni au maudhui ya mtandaoni, njia nyingine ni Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mahakamani sikushauri muende kwa suala hili: gharama na muda havilingani na maneno manne. Ila mkiona ile picha imeanza kutumika kwenye tangazo la biashara, au mnunuzi amevunja mkataba kwa sababu yake na hasara inahesabika, hapo acheni kunisoma mimi, tafuteni wakili au msaidizi wa kisheria ana kwa ana. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itawaelekeza waliko. Kwa upande wa mkataba, afisa ushirika naye ahusishwe mapema.

Katika kipindi hiki chote waambie wanakikundi wasiisambaze picha kwenye WhatsApp ikiwa na maneno “tazameni walivyotudhalilisha”. Wakifanya hivyo wanaifunga picha kwa nanga mpya, ya udhalilishaji, na wanamtembeza mama mpaka mahali ambapo gazeti halikufika.

Kuhusu kijana wa bango, mpeni kazi, msimpe uhuru wote. Picha za mtandaoni zitawaponza. Anayenunua parachichi ameona mashamba mengi, atajua miti ile na wachumaji wale si wa Rungwe, na akishajua hilo ataanza kujiuliza na mengine. Picha za kutengenezwa na akili bandia ni vilevile: zinang’aa, matunda yote yanalingana, hakuna jani lenye doa. Mnataka kuonekana waaminifu, na ung’avu uliopitiliza kwenye biashara ya shamba husomeka kinyume.

Pigeni zenu asubuhi, ukungu ukishapanda, kamera ikiwa usawa wa kifua cha mtu. Onyesheni tunda la kijani lililokatwa kwa mkasi likabakizwa kikonyo kifupi. Mtu wa kawaida hataona kitu, lakini mnunuzi atasoma pale uangalifu wenu kuliko kwenye aya nzima ya sifa. Onyesheni makreti yamepangwa kivulini, na watu wakiwa kazini. Si lazima kila mtu atabasamu. Wazee wetu kwenye picha za studio za zamani hawacheki hata mmoja, na hawakuwa na huzuni, ndiyo ilikuwa heshima ya kupigwa picha. Mama yule akikubali awemo, na awe amesimama, akiwa na jina lake kama amelitaka. Kila anayeonekana aseme ndiyo, na kwa sababu bango ni tangazo, wekeni ridhaa hizo kwenye maandishi. Tangu tuwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu si ya kuchezewa.

Herufi nazo zinasema. Kijana alikutumia mfano wenye maandishi mekundu, herufi kubwa tupu, juu ya njano, na namba ya simu imerudiwa mara mbili. Mwambie kwa upendo kwamba tangazo la namna hiyo tumeshalizoea kwenye nguzo za umeme, na linahusu mganga kutoka Sumbawanga. Herufi za kawaida, rangi mbili, jina la kikundi, aina ya tunda, kata mlipo, miezi ya mavuno na namba moja inayopokelewa. Yatosha. Kwenye ukurasa wa mtandaoni kila picha iwe na maelezo mafupi yenye tarehe, na maelezo hayo ayaandike mtu aliyekuwepo picha ilipopigwa.

Mnunuzi aliyeuliza kuhusu kuoza asisubiri bango wala marekebisho ya gazeti. Mpigie leo. Mwambie kreti lile lilikuwa la kula, kisha mtumie video ya leo isiyokatwa, ukianzia mlangoni mwa ghala hadi kreti la mwisho. Halafu umkaribishe aje na kipimo chake, kwa sababu kinachomhusu zaidi, ukavu wa nyama ya tunda unaoonyesha kama limekomaa, hakionekani kwenye picha yoyote, iwe yenu au ya gazeti.